Wageni Waliotangulia Mwezi

Mwalimu Rukia alikuja kwangu na sanduku la bati la kijani, godoro la sufi lililofungwa kwa kamba ya katani, na birika la plastiki lenye mdomo mrefu. Hilo birika nilidhani ni la kunyunyizia maua. Nikamwambia hapa hatuna maua, tuna kahawa.

"Ni la kutawadhia, Mama Kahiga," akasema. "Kunawa kabla ya kuswali."

"Basi maji yako ni ya pipa lile la kona. Hili la mbele ni la ng'ombe."

Ndivyo tulivyoanza. Mimi nilikuwa mjane, nina mwanangu Kahiga darasa la tatu, na chumba kimoja cha mbao kule nje ambacho marehemu mume wangu alikijenga kikae magunia. Nikakifagia, nikaziba nyufa kwa magazeti na gundi ya unga, akaingia.

Alitoka Majengo, pale Nyeri mjini. Si mbali, ukiamka na jogoo unafika kwa miguu kabla jua halijawa kali. Lakini kwa watu wa upande wetu wa Giakanja ilikuwa kama ametoka Mombasa. Baba yake alikuwa Mkikuyu kama sisi, Mutahi, aliyesilimu ujanani alipokuwa mpishi wa mfanyabiashara mmoja Mswahili. Rukia alisema Kikuyu tangu alipoota meno. Hata hivyo, akisalimu dukani kwa Kikuyu alijibiwa kwa Kiswahili, hiki chetu cha kuvunjavunja: "Mzuri, mwarimu. Wewe iko aje?" Kwa sababu alijifunga mtandio, na jina lake ni Rukia, masikio ya watu yalikataa kusikia Kikuyu kinywani mwake. Siku moja nilimuuliza kama inamuudhi.

"Majengo wananiita Mkikuyu," akasema, akaendelea kuchambua mchele.

Huko Majengo napo hakuwa na pa kwenda. Kaka yake mkubwa alimkataza kufundisha katika shule iliyoanzishwa na kanisa, akisema watambatiza polepole bila yeye kujua. Alipokataa kuiacha kazi, kaka akaacha kumsalimu. Wazazi walikuwa wameshafariki. Kwa hiyo Jumamosi, walimu wengine wakienda makwao, yeye alifua, akaanika, akakaa kizingitini akiziangalia nguo zikikauka.

Ulikuwa mwaka ule serikali ilipoondoa ada ya madarasa ya chini. Watoto walijaa shuleni mpaka wengine wakasomea chini ya mti wa mkaratusi, ubao umeegemezwa kwenye shina. Walikuja hata watoto wa Wakorino, waumini wa vilemba vyeupe, ambao zamani walikaa nyumbani. Katika darasa la Mwalimu Rukia, ndilo la Kahiga, alikuwapo msichana wa Kikorino, Murugi, mwenye kilemba cheupe kilichofuliwa mpaka kikawa na rangi ya maziwa ya maji. Wenzake walimwita Bandeji. Walimuuliza kichwa chake kilipasukia wapi. Dawati lilikuwa la watoto watatu, lakini Murugi alikaa peke yake, na wengine walibanana watano.

Mwalimu hakuwachapa. Ijumaa, kipindi cha mwisho, alisimama mbele akauliza, "Nani anaweza kuniambia kwa nini mimi nimefunika kichwa?" Akawaeleza. Kisha akamwita Murugi mbele naye akaeleza chake, kwa sauti ndogo, akitazama vidole vya miguu. Ijumaa iliyofuata akaeleza mtoto wa Kikatoliki, rozari mkononi. Iliyofuata, mtoto wa Jeshi la Wokovu. Mwingine akaeleza jinsi nyanya yake anavyosimama uani asubuhi, ameuelekea mlima, mikono juu. Kahiga alirudi nyumbani akinisimulia yote haya huku uji ukipoa. Walikiita kipindi cha jirani. Murugi akapata wenzake wawili dawatini, na lile jina la Bandeji likafa lenyewe.

Sasa maneno yakamfikia Mzee Theuri, mwenyekiti wa kamati ya shule, ambaye pia alikuwa mzee wa kanisa. Alikuja uani kwangu jioni moja, akakaa kwenye kigoda, kofia juu ya goti.

"Mwarimu," akasema, "watoto wanarudi nyumbani wakisema ati Mkatoliki hupiga goti hivi na Mkorino hupiga ngoma hivi. Juzi mjukuu wangu ameniuliza kwa nini sisi hatuvui viatu kanisani."

"Ukamjibu nini, mzee?"

"Nikamwambia ni baridi."

Nilicheka nikageuza uso. Mwalimu naye alitabasamu, lakini Theuri hakuwa amekuja kucheka.

"Na sasa nasikia unataka kuwapeleka msikitini."

"Msikitini, na kwa Wakatoliki, na kwa Wakorino, na kanisani kwenu. Waone tu. Hawataswali, hawatabatizwa."

"Mimi sijui watafanya nini. Watoto si wangu, na si wako. Ni wa mama zao. Mawe ya ile shule yalibebwa na wanawake kwa migongo. Jumamosi ijayo tuko na mkutano. Wakisema ndiyo, mimi nasema ndiyo. Wakisema hapana, hicho kipindi kitakuwa cha bustani, na wewe nitakuombea shule nyingine, karibu na watu wako."

"Watu wangu ni kina nani, mzee?"

Theuri alivaa kofia. "Hiyo ungeuliza baba yako," akasema, akaenda zake.

Mwalimu alibaki amesimama pale. Mwezi wa Ramadhani ulikuwa umebakisha siku chache, na mfungo ulikuwa umemkausha midomo. Nilimwambia ukweli kama nilivyouona: wanawake wa hapa hawamchukii, hawamjui tu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuingia chumba chake. Mtu hupewaje mtoto na mama asiyejua hata sufuria yake?

"Basi nitawaita Idi," akasema. "Waje kwangu wale."

Akazunguka mwenyewe nyumba kwa nyumba. Kila mahali alisema vilevile: Idi ni Jumatano, mwezi ukionekana Jumanne, usipoonekana ni Alhamisi. Alilisema vizuri, kwa Kikuyu, wala hakulificha. Lakini wanawake walishika Jumatano. Kalenda ya dukani ilikuwa imepaka Jumatano rangi nyekundu, hedimasta alikuwa ametangaza kwamba Jumatano hakuna shule, na Alhamisi, kama mjuavyo, ilikuwa siku ya kupeleka kahawa kiwandani. Kahawa ilikuwa imeiva, na siku ya kiwanda hakuna mwanamke wa kwetu Tetu anayekwenda karamu. Hilo la mwezi kuonekana walilichukua kama mtu anavyosema "Mungu akipenda".

Jumanne jua lilipotua tulisimama ukingoni mwa shamba, mimi na yeye, tukitazama upande wa machweo. Mawingu ya vuli yalikuwa yameshuka yakakaa juu ya mikaratusi kama blanketi iliyoloa. Hata mwanga wa jua hatukuuona ukiondoka, sembuse mwezi mwembamba kama ukucha. Tukaingia kwangu, nikafungua redio. Tulingoja. Mtangazaji akasema mwezi haukuonekana, Waislamu wakamilishe siku thelathini.

Mwalimu akazima redio. Mvua ikaanza kupiga mabati.

"Kesho asubuhi nitawawahi," akasema.

Asubuhi aliwahi kweli, lakini akakuta milango imefungwa kwa ufito. Kwa Watiri, jirani yetu, hakuna mtu. Kwa mama yake Murugi hakuna mtu. Hakufika kwa Wachuka, kiongozi wa kikundi chetu cha wanawake, maana ni ng'ambo ya mto na daraja lilikuwa limefunikwa na maji. Kumbe wote walikuwa huko huko kwa Wachuka tangu alfajiri, wakipika, na baadaye wakapitia njia ya juu. Mwalimu akarudi, akafikiri labda wameenda shambani na wamesahau. Naona hilo lilimuuma kuliko hata lile la mwezi. Akatoa nguo akaanza kufua.

Saa sita tulisikia wimbo. Ni ule wimbo wanawake huimba wakienda kumtazama aliyejifungua, ila walibadilisha maneno wakatia sikukuu ya mwarimu. Wakaingia uani mmoja mmoja, vyondo vya kusukwa migongoni, kamba za vyondo zimekaza paji la uso: viazi vitamu, maharagwe meusi ya njahi, unga, ndizi mbivu, mizigo ya kuni zilizokatwa sawasawa. Wachuka mbele, mwanamke mnene wa mdomo mwepesi, na mgongoni kibuyu kikubwa cha uji. Mama yake Murugi alikuja mwisho, nyuma kidogo ya wengine, kilemba chake kimenyooka kama kawaida.

Wimbo ulikufa walipomwona mwalimu. Amefunga kanga kiunoni, mikono ina povu mpaka kwenye viwiko. Hakuna moto, hakuna sufuria, hata harufu ya kitunguu hakuna.

"Mwarimu," Wachuka akasema, akipumua, "umetuita tukuje tuone wewe ukifua?"

Wengine wakacheka. Mwalimu akajifuta mikono upesi, akaanza kusalimu, akashika mkono wa kila mmoja. Kisha akawaeleza. Mwezi haukuonekana. Idi ni kesho. Leo bado amefunga.

"Huo ni mwezi gani haujui kusoma kalenda?" Wachuka akauliza.

"Hata Pasaka yetu hutembea," Watiri akasema. Watiri alikuwa Mkatoliki.

"Hutembea, lakini hutuma habari mapema. Haikuji jioni na redio."

Wakacheka tena, na mwalimu akacheka nao, na kwa kitambo uani palikuwa pazuri. Nilitoa mikeka, nikatoa viti vyangu vyote viwili na debe. Wakatua mizigo. Nikaona mwalimu anavyowatazama, jinsi macho yake yalivyokuwa yakienda kwa mmoja kisha kwa mwingine kama mtu anayehesabu kuku waliorudi.

Kisha Wachuka akafungua kibuyu.

Nieleze jinsi ilivyo, kwa asiyejua. Wanawake wakija kwako na uji, aliyeubeba huumimina, huonja kwanza ili ujue hauna ubaya, kisha hukupa wewe mwenye nyumba. Ukishakunywa, ndipo wageni wote hunywa. Usipokunywa, hakuna anayekunywa. Uji haurudi kibuyuni. Wachuka alimimina uji wa mahindi na wimbi uliochachuka sawasawa, harufu yake ikajaa uani mpaka mate yakanijia. Akaonja, akafuta ukingo kwa kiganja, akampa mwalimu kwa mikono miwili.

Mwalimu akapokea kwa mikono miwili. Nilimwona akiuangalia ule uji. Alikuwa hajala tangu kabla ya alfajiri, na siku zote zile alikuwa amekula peke yake, na hawa ndio wageni wa kwanza tangu aje kwetu. Tena Jumamosi inakuja. Hakuna mtu uani pale ambaye hakuijua Jumamosi.

"Siwezi, mama," akasema. "Mpaka jua litue. Nisameheni. Kunyweni nyinyi, mimi nitauweka wangu."

"Kidogo tu," Watiri akasema. "Gusisha mdomo."

"Hata kidogo siwezi."

Hapo ndipo Wachuka alipomsemesha Kikuyu kwa mara ya kwanza, maana hasira haitafuti Kiswahili. "Binti wa Mutahi, mimi nimeubeba huu uji kwa mgongo wangu kutoka ng'ambo ya mto. Umetuita wewe. Sasa unaturudishia mkononi?"

"Sikurudishii, mama. Nimeushika. Nitaunywa jua likitua."

"Jua likitua sisi tutakuwa tunakamua ng'ombe."

Mama yake Murugi akasema kutoka kule nyuma, "Kwetu mtu akiwa na ahadi na Mungu hatumsukumi." Hakuna aliyegeuka kumtazama.

Wakakaa kidogo, kwa heshima yangu nadhani. Wakaongea juu ya bei ya mbolea na ng'ombe wa Watiri aliyekataa kuzaa. Kisha mmoja akakumbuka kuku wake, mwingine akakumbuka kazi ya kesho kiwandani, wakainuka. Waliondoka bila wimbo. Mwalimu aliwasindikiza mpaka njia panda, akarudi akiwa ameinamisha kichwa.

"Nimeshaondoka hapa, Mama Kahiga," akasema. "Bado tu kufunga sanduku."

"Angalia kule," nikamwambia.

Vyondo vyote vilikuwa vimebaki ukutani, pamoja na kibuyu. Yeye alilelewa Majengo, hakulijua hilo. Aliyekasirika kabisa hubeba chake. Ukiachiwa kiondo ni kwamba unangojwa, na kiondo hakirudi kitupu.

Jua lilipotua aliswali, kisha akanywa uji wa Wachuka, kizingitini. Nilitaka kwenda kukaa naye, lakini nilikuwa nimeinama chini ya ng'ombe na ndoo nusu. Nilimsikia tu akisema, si kwangu, "Ni mtamu." Baadaye aliniambia kwamba Majengo siku kama hiyo nyumba yao ilikuwa ikijaa watu mpaka watoto wanakalishwa juu ya kabati.

Alhamisi alitoka alfajiri kwenda kuswali mjini, akarudi na nyama, akapika pilau katika masufuria yangu yote. Sisi tulikuwa kiwandani. Mnajua kazi ya pale: unamwaga kahawa yako juu ya gunia, unakaa chini, unachambua buni mbichi za kijani kutoka zile nyekundu, vidole vinanata, nyuki wanakuzunguka, na unachungulia foleni ya mzani usije ukapitwa. Tukamwona akija kwa barabara ya tope amevaa gauni la Idi la rangi ya zambarau, kiondo mgongoni, kingine mkononi, vilivyobaki vimeingizwa kimoja ndani ya kingine. Ndani, majani ya mgomba, na ndani ya majani, pilau.

Wachuka alifungua jani kwa vidole vilivyojaa utomvu. Akatia tonge mdomoni. Akatafuna muda mrefu.

"Hiyo ndiyo sikukuu yenu?"

"Ndiyo hii, mama."

"Iko na pilipili."

Wakala. Wakala vizuri, wakipokezana majani, na mwalimu akakaa chini na gauni lake akaanza kuchambua gunia la Watiri, kijani huku, nyekundu huku. Kisha karani akaita, kila mmoja akainuka mbio na mzigo wake. Mwalimu akabaki amekaa katikati ya magunia matupu, nyuki kwenye mtandio. Sikujua tumefika wapi. Naye hakujua.

Jumamosi darasa lilijaa mpaka madirishani. Theuri alieleza jambo kwa haki, siwezi kumsingizia. Akauliza wanawake wana neno gani. Wachuka akasimama, akakaza leso kiunoni.

"Mimi nilikasirika Jumatano," akasema. "Hata saa hii bado kidogo. Lakini nimefikiria. Huyu mwarimu alijua leo inakuja. Angekunywa ule uji, sisi tungerudi tukiimba, na leo tungemwinulia mikono yote. Nani angejua? Mungu wake peke yake. Hakunywa. Mimi niko na watoto wanne katika hii shule. Mtu kama huyo akiniambia hatawageuza dini, mimi nitamwamini. Wengi wananiahidi vitu na wamekunywa uji wangu." Akamtazama Theuri, watu wakacheka, akakaa.

Mikono ikainuka. Mkono wa kwanza ulikuwa wa mama yake Murugi.

Kwa hiyo watoto walikwenda. Kahiga alinisimulia: msikitini wachache walivua viatu, waliobaki, waliokuja pekupeku, walioshwa tope bombani. Kaka yake mwalimu alikuwepo mlangoni. Aliwasalimia watoto mmoja baada ya mwingine, akamuuliza Kahiga anasoma darasa la ngapi. Lakini dada yake mwenyewe hakumsalimu.

Kipindi cha jirani kiliendelea miaka yote aliyokaa kwetu, na shule nyingine mbili zikakiiga. Wanawake walimwamkia kwa Kikuyu. Walikuja kwake na viazi, wakaingia chumbani, wakaijua sufuria yake.

Lakini Ramadhani iliporudi mwaka uliofuata, hawakuja. Habari ya uji ilikuwa imezunguka vilima vyote, na kila aliyeisimulia aliiongeza uzito. Ikawa ni mwiko mkubwa: mwezi wa mwarimu, usipeleke mguu wala chakula karibu na mlango wake, utamvunjia ahadi yake na Mungu. Hata jioni, ambapo mtu angeweza kuja wakala pamoja, hawakuja. Nilimwambia Wachuka, jua likitua huwa anakula, nenda. Akaniambia, "Wacha, Mama Kahiga. Mimi nilimjaribu mara moja. Inatosha." Alisema kwa heshima kabisa.

Nilimwambia mwalimu awaite, awaeleze tena.

"Nitawaambiaje?" akasema. "Wananiheshimu. Niwaombe waache?"

Mimi nilikuwa nikivuka uani nikipata nafasi, nikakaa naye na kikombe. Mara nyingi ng'ombe na moshi vilinishika. Basi alikaa kizingitini saa ya machweo, tende tatu kwenye sahani ya bati, uji ameupika mwenyewe, akingoja. Watoto wa shule walipita njia ya chini wakitoka mtoni. Walikuwa wakila miwa, na walipofika usawa wa mlango waliificha nyuma ya migongo, wakaacha kutafuna, mkubwa wao akawanong'oneza, "Nyamazeni. Mwarimu amefunga."

Mwalimu aliwainulia mkono. Nao wakainamisha vichwa, wakaongeza mwendo.